Kanvasi ya visanduku tisa kwa mwanzilishi mbunifu: inafaa, ila ijaze kwa rangi tatu

Business Model Canvas, ambayo wengi huiita kanvasi tu, ni karatasi moja yenye visanduku tisa vya kuelezea jinsi biashara inavyofanya kazi. Chimbuko lake ni utafiti wa shahada ya uzamivu wa Alexander Osterwalder katika Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, uliokamilika mwaka 2004 chini ya usimamizi wa Yves Pigneur. Inapakuliwa bure kwenye tovuti ya kampuni ya Osterwalder, Strategyzer, na leseni yake ya Creative Commons inakuruhusu kuichapa, kuibadilisha, hata kuitumia kwenye semina ya kulipia, mradi utaje ilikotoka na toleo lako ulitoe kwa masharti yaleyale.

Tathmini hii inaitazama kwa jicho la mtu mmoja: mwanzilishi ambaye mtaji wake mkubwa ni kipaji. Mbunifu wa mavazi, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta, fundi aliyebuni kifaa chake mwenyewe. Kwa mtu huyo kanvasi ni zana nzuri sana yenye pengo moja baya: haina mahali pa kuweka hisia, yaani anachoamini kabla hajakithibitisha. Na kitu kisicho na mahali pake hujipenyeza kila mahali. Mwanzilishi akiijaza kama ilivyo, moja kati ya mawili hutokea. Ama hisia yake inavaa joho la ukweli na kuenea visanduku vyote tisa, ama inafukuzwa mlangoni na kampuni inabaki na mpango nadhifu wa kuuza kitu kisicho na roho. Pengo hilo linazibika kwa vikaratasi vya rangi tatu na saa mbili za kazi, na ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya maelezo haya.

Kwanza mpangilio wenyewe. Katikati kuna kisanduku kirefu cha thamani unayompa mteja. Kulia kwake, juu kuna uhusiano na wateja, chini njia za kuwafikia, kisha mwisho kabisa kulia makundi ya wateja. Kushoto kwa thamani, juu kuna shughuli kuu, chini rasilimali kuu, kisha mwisho kushoto washirika. Chini kabisa gharama zimelala upande wa kushoto na mapato upande wa kulia. Aliyeupanga hivyo alifikiri vizuri. Kulia ndiko pesa inakotokea, kushoto ndiko inakotumika, na thamani imesimama katikati kama boriti inayobeba pande zote mbili. Ukibandua kikaratasi kimoja pale katikati, unaweza kuuliza papo hapo: mteja gani anaondoka, na gharama gani inaondoka naye? Kwa swali hilo peke yake kanvasi inastahili nafasi ukutani.

Ukubwa wa karatasi ni jambo ambalo wengi hulikosea. Ukichapa kwenye A4 (milimita 210 kwa 297), safu tano zinaipa kila safu upana wa milimita 59 hivi, na kikaratasi cha kawaida cha kubandika ni milimita 76 kwa 76. Hakiingii. Hapo ndipo watu huanza kuandika kwa kalamu moja kwa moja kwenye karatasi, na kilichoandikwa hivyo hakihamishiki tena. Chapa A1 (594 kwa 841). Safu inapata milimita 168, vikaratasi viwili vinakaa sambamba, na visanduku vya nusu safu vinabeba vinne. Kikomo hicho cha vinne ni msaada mkubwa: ukiwa na cha tano, inakubidi uamue kipi kinatoka. Kwa kundi la watu sita chukua A0, vinginevyo wawili watabaki nyuma wakichungulia mabegani mwa wenzao. Tumia kalamu nene ya maka. Kalamu ya kawaida inamruhusu mtu kuandika sentensi tatu kwenye kikaratasi kimoja, na sentensi tatu ni dhana tatu zilizofungwa pamoja. Moja ikianguka huwezi kuitoa bila kuwabeba wenzake.

Sasa rangi. Njano ni kitu kinachojulikana na chenye ushahidi: risiti, mkataba, hesabu ya mauzo, idadi ya wateja waliorudi. Bluu ni hisia, yaani unachoamini kabla hujakithibitisha. Nyekundu ni kitu ambacho mwanzilishi hatakibadilisha hata hesabu zikimtaka akibadilishe, kwa sababu kikiondoka kampuni hiyo si yake tena. Nyekundu zisizidi tatu kwenye kanvasi nzima. Zikiwa saba, hapo hakuna mkakati tena, kuna orodha ya matakwa. Na ikiwa hakuna hata moja, mshindani yeyote mwenye mtaji mkubwa anaweza kuinakili kampuni hiyo sentensi kwa sentensi.

Maelekezo mengi yanasema uanze na makundi ya wateja. Kwa mwanzilishi mbunifu ni vema kuvunja utaratibu huo na kuanza katikati, kwenye thamani, kwa sababu huko ndiko mawazo yake yalikokwisha kuelekea. Ukimlazimisha aanze na wateja atabuni mteja anayefanana na bidhaa yake. Aandike kwa bluu anachokiona kichwani, lakini kwa sentensi kamili yenye mtendaji na kitendo, sentensi inayoweza kuthibitika kuwa si kweli. “Ubora wa hali ya juu” haiwezi kukosea, kwa hiyo haina kazi. “Mteja ataligusa begi hili na kujua bila kuambiwa kwamba limeshonwa kwa mkono” inaweza kukosea, kwa hiyo ina kazi. Dakika 15 zinatosha. Baada ya hapo nenda kulia mpaka kwenye wateja, rudi kushoto, na malizia chini kwa gharama na mapato. Zoezi zima lisizidi saa mbili. Ya tatu huwa ni ya watu waliochoka kukubaliana na mwenye sauti kubwa.

Tubaki na begi hilo, maana hapa ndipo kanvasi inapoonyesha thamani yake. Chukulia begi la mgongoni linauzwa 100, kwa sarafu yoyote. Malighafi, ushonaji, ufungaji na usafirishaji vinakula 62. Zinabaki 38. Gharama zisizobadilika kwa mwezi, mshahara wa mwanzilishi ukiwamo, ni 1,900. Gawanya kwa 38: ili kampuni irudishe gharama zake inahitaji kuuza mabegi 50 kwa mwezi. Sasa mwanzilishi anataka mikanda ya mabegani ishonwe kwa mkono, kwa uzi mnene. Hisia yake ni kwamba mkanda ndicho kitu cha kwanza mkono wa mteja unachokishika, na hapo ndipo uamuzi wa kununua unapofanyika. Kazi hiyo inaongeza 12 kwa kila begi. Kikaratasi kipya cha bluu kinapanda katikati, na kingine kinalazimika kushuka kwenye gharama: 74. Zinabaki 26. Mabegi 73 yanaleta 1,898, kwa hiyo unahitaji 74.

Mwanzilishi asiye na kanvasi huishia hapo, kwenye ugomvi wa “nzuri” na “ghali”. Mwenye kanvasi anaona milango miwili zaidi. Bei ikipanda hadi 112, zinabaki 38 kama zamani na mabegi 50 yanatosha. Swali sasa limehamia kisanduku cha wateja, je, wako watu 50 kwa mwezi wa kununua kwa bei hiyo? Mlango wa pili ni kushona kwa mkono mshikio wa juu tu, mikanda ibaki kwenye mashine. Nyongeza ikiwa 4 badala ya 12, gharama inakuwa 66, zinabaki 34, na mabegi 56 yanatosha. Hisia ya mwanzilishi haikuuawa. Imeombwa isogee sentimita chache, pale ambapo mkono wa mteja unafika vilevile.

Kuna kisanduku kingine ambacho hesabu hii inakigusa na watu hukisahau. Ikiwa mikanda inachukua dakika 40 kwa begi, mabegi 50 ni dakika 2,000, saa 33 na ushei. Mabegi 74 ni dakika 2,960, zaidi ya saa 49. Je, kwenye rasilimali yupo mshonaji mwenye saa hizo, tena mwenye mkono huo? Asipokuwapo, mwanzilishi mwenyewe ndiye atakayeshona usiku, na kwenye kanvasi kazi yake itaonekana ya bure. Kosa la kutoandika ujira wa mwanzilishi kwenye gharama ndilo baya kuliko yote katika matumizi ya zana hii. Linafanya kila wazo lake lionekane na faida.

Kila bluu inayobaki baada ya mzunguko wa kwanza ipewe jaribio, na jaribio liwe na vitu vinne kwenye kikaratasi chake: tunafanya nini, kwa watu wangapi, mpaka tarehe gani, na matokeo gani yatatufanya tuachane nalo. Kwa begi letu: sampuli mbili mezani, bei imeandikwa kwenye kila moja, 100 na 112, watu 20 wa kundi lililoandikwa kulia kabisa, na aliyelibuni begi hayupo chumbani. Akiwapo ataeleza, na maelezo yake ni sehemu ya bidhaa ambayo mteja wa kawaida hataipata dukani. Sifa za mdomo zisihesabiwe. Hesabu malipo ya awali. Kikomo kiandikwe kabla: waliolipia la 112 wakiwa chini ya 6, mikanda inarudi kwenye mashine. Watu 20 wanatosha kuonyesha tofauti kubwa tu. Wakilipia 6 badala ya 5, usijenge nyumba juu ya mtu mmoja huyo. Rudia kwa wengine 20.

Nyekundu hazipewi jaribio, lakini zinapewa bei. Kwenye kona ya kikaratasi andika msimamo huo unagharimu kiasi gani kwa mwezi. Mwanzilishi akisema “hatutatumia plastiki kamwe”, andika tofauti ya gharama ya malighafi mara idadi ya mauzo. Jumla ya nyekundu zote iwekwe kwenye kisanduku cha gharama kama mstari wake wa pekee. Kuiona namba hiyo hakumlazimishi kuacha msimamo wake. Kunamwonyesha bidhaa zake nyingine zinapaswa kuingiza kiasi gani ili msimamo huo uishi, na hilo ni jambo ambalo mbunifu anayependa kazi yake anastahili kulijua mapema, kabla mwekezaji hajamwambia.

Mifano miwili ya historia inasomeka vizuri kwenye karatasi hii. James Dyson alitengeneza modeli za majaribio 5,127 kabla ya kupata mashine ya kufyonza vumbi isiyotumia mfuko, akibadilisha kitu kimoja kwa wakati ili ajue ni kipi kilicholeta tofauti. Hiyo ni hisia iliyopewa nidhamu. Lakini kampuni kubwa alizopelekea wazo hilo hazikulitaka, na ukiweka biashara zao kwenye kanvasi unaona kwa nini: kisanduku chao cha mapato kilikuwa na mifuko ya kutupwa ambayo mteja aliinunua mwaka hadi mwaka. Kilichokuwa thamani kwa mteja wake kilikuwa shimo kwenye mapato yao. Ilibidi ajenge kampuni yake, na mwaka 1993 akatoa mashine yake, DC01. Mwanzilishi anayezungushwa na washirika aanze kuchora kanvasi yao, kisha ndipo atilie shaka bidhaa yake.

Upande wa pili yupo Edwin Land, mwanzilishi wa kampuni ya kamera ya Polaroid. Hisia yake ilikuwa imeupa ulimwengu kamera ya picha za papo hapo mwaka 1948, na kwa hisia ileile mwaka 1977 alitoa Polavision, sinema ya nyumbani ambayo filamu yake inajisafisha yenyewe, picha zikatokea, ndani ya kaseti. Kazi ya kemia iliyomo ndani yake ilistaajabisha. Kwa mteja, ilikuwa filamu isiyo na sauti, ya chini ya dakika tatu, isiyoweza kuhaririwa, inayohitaji mwanga mkali wakati wa kupiga na kisanduku maalumu cha kuitazamia, wakati kanda za video tayari zilikuwa sokoni. Miaka miwili baadaye ilikuwa imekwisha. Thamani ilijaa mpaka ikamwagika, na kisanduku cha wateja kilikuwa na mtu mmoja aliyeipenda kwa dhati, aliyeibuni. Ushindi wa 1948 ni kikaratasi cha njano kwa bidhaa ile. Kwa bidhaa mpya, hata ya mtu yuleyule, rangi inaanza upya na bluu. Wanzilishi waliokwisha kufanikiwa mara moja ndio wanaoteleza hapa zaidi.

Makosa mengine yanapita haraka. “Kila mtu” kwenye makundi ya wateja. “Mitandao ya kijamii” kwenye njia za kufikia, bila kusema mtu anatokaje kwenye picha mpaka kwenye malipo. Shughuli kuwekwa kwenye thamani, kama vile “tunabuni kwa umakini”. Hiyo ni kazi yako, mteja hainunui. Washirika ambao hawajapigiwa simu hata mara moja, nao waandikwe kwa bluu.

Yapo mambo ambayo kanvasi haiyafanyi kabisa na usiitegemee kwayo. Haina saa. Inaonyesha pesa inatoka wapi na kwenda wapi, haionyeshi lini. Kampuni inaweza kuwa na visanduku tisa vizuri na ikashindwa kulipa mishahara kwa sababu malighafi inalipiwa leo na mteja analipa baada ya siku 60. Pachika pembeni jedwali la fedha la wiki 13, safu moja kwa wiki: salio la mwanzo, zinazoingia, zinazotoka, salio la mwisho. Wiki ambayo salio linagusa sifuri ndiyo tarehe ya mwisho ya majaribio yote ya bluu, upende usipende. Haina washindani pia. Weka karatasi ya pili yenye kanvasi ya mshindani mmoja wa karibu, inatosha. Na haisemi nani anaamua.

Hilo la mwisho ni zito zaidi kuliko linavyoonekana. Panapokuwa na waanzilishi wawili, mmoja mkono wa kubuni na mwingine mkono wa hesabu, kila kisanduku hugeuka uwanja wa vita. Dawa yake ni herufi moja kwenye kona ya kila kisanduku, ya jina la mwenye neno la mwisho, na iwekwe kabla ya ugomvi wa kwanza. Kawaida thamani na shughuli huenda kwa mbunifu, gharama na njia za kufikia kwa mwenzake. Mapato ndiyo yenye utata, kwa sababu bei ni lugha ya chapa na pia ni hesabu. Pendekezo linalofanya kazi: mwenye hesabu anaweka sakafu ambayo bei haishuki chini yake, mbunifu anachagua bei yoyote juu ya sakafu hiyo. Kwenye begi lenye mikanda ya mkono, ikiwa wamekubaliana kila begi libakize angalau 30, sakafu ni 104. Kutoka hapo kwenda juu ni uamuzi wa mwenye jicho.

Wengi huuliza kuhusu Lean Canvas ya Ash Maurya, iliyotokana na hii. Inaondoa visanduku vinne, washirika, shughuli, rasilimali na uhusiano na wateja, na kuweka tatizo, suluhisho, vipimo vikuu na faida isiyonakilika kirahisi. Kabla ya mteja wa kwanza hiyo ni bora, hasa kwa programu, kwa sababu inakulazimisha utaje tatizo kwanza. Lakini ubunifu mwingi hautokani na tatizo. Hakuna aliyekuwa na tatizo lililotibiwa na gauni zuri au mchezo wa kompyuta wenye hadithi ya kugusa moyo. Ukilazimisha kisanduku hicho unapata sentensi za uongo. Kwa kazi za namna hiyo baki na ile ya mwanzo, ambayo neno lake la katikati ni thamani.

Matoleo ya kwenye skrini yanafaa kwa timu iliyotawanyika, na hapo yaishie. Kwenye skrini kikaratasi hakina mwisho wa ukubwa, kikomo cha vinne kinapotea, na kanvasi hujaa maneno madogo ambayo hakuna anayeyasoma baada ya kikao. Iliyo ukutani inaonekana kila siku na yule anayekwenda kuchukua chai.

Ipitie mara moja kwa mwezi kwa dakika 45. Piga picha kabla ya kugusa chochote na iandike tarehe. Bluu zilizothibitika ziandikwe upya kwa njano, pamoja na ushahidi wake. Zilizoanguka usizitupe: andika nyuma ya kikaratasi tarehe na sababu kwa maneno yasiyozidi matano, kisha kiweke kwenye bahasha iliyobandikwa chini ya kanvasi. Wazo lililokataliwa mwezi wa tatu kwa sababu ya bei ya uzi linaweza kufaa mwezi wa kumi uzi ukishuka, na bila bahasha ile hakuna atakayekumbuka kama lilikataliwa kwa bei, kwa wateja, au kwa sababu siku ile kikao kilichelewa kwisha.